Mtakatifu Yeronimo, Mfasiri wa Maandiko

Mpakani mwa Dalmatia na Panonia, upande wa bahari ya Adriatiko, palikuwa na mji mdogo uitwao Stridon, ambao baadaye uliharibiwa na Wagoti. Huko alizaliwa Yeronimo karibu na mwaka 347, katika nyumba ya Wakristo wenye mali. Baba yake alipoona kwamba mtoto ana akili nyepesi, alimpeleka Roma akasome. Mwalimu wake alikuwa Donatus, mtu mashuhuri ambaye kitabu chake cha sarufi kilitumika katika shule za Ulaya kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Kwa Donatus kijana alifundishwa kupima kila neno: limetoka wapi, lilimaanisha nini kwa watu wa kale, na kwa nini mwandishi amelichagua hilo na kuliacha jingine.

Yeronimo alipenda vitabu kuliko chakula. Alinakili vingi kwa mkono wake mwenyewe, akawa na maktaba ambayo hakuweza kuachana nayo hata safarini. Siku za Dominika alishuka pamoja na wenzake katika mashimo ya chini ya ardhi ya Roma, kuyazuru makaburi ya mashahidi. Huko Roma alibatizwa. Kisha alisafiri mpaka Trier, akarudi Akwileya kuishi na rafiki waliotaka kumtumikia Mungu, na karibu na mwaka 373 akaondoka kwenda nchi za Mashariki.

Ndoto na jangwa

Alipofika Antiokia alishikwa na homa kali. Wenzake wawili walikufa, naye mwenyewe alidhaniwa kuwa karibu kufa. Katika ugonjwa ule aliota ndoto ambayo hakuisahau. Alijiona amepelekwa mbele ya kiti cha Hakimu, akaulizwa yeye ni mtu wa namna gani. Alipojibu kwamba ni Mkristo, Hakimu alimkanusha, akamwambia kuwa yeye ni mfuasi wa Cicero, yule msemaji mkuu wa Kilatini, wala si mfuasi wa Kristo.

Shitaka lile lilikuwa na sababu. Kila mara Yeronimo alipofungua Maandiko Matakatifu kwa Kilatini, moyo wake ulichukizwa. Tafsiri za siku zile zilifanywa na watu wasio na elimu kubwa, waliofuata maneno ya Kigiriki moja moja, hata Kilatini kikapindika. Akilinganisha na usemi mtamu wa Cicero, aliviona vitabu vya Manabii kuwa kama nguo ya maskini. Baada ya ndoto ile alianza kujiuliza kama kosa lilikuwa kwa Manabii au kwa vazi walilovikwa.

Akaenda katika jangwa la Kalkisi, mashariki ya Antiokia, akakaa humo kama mtawa, akifunga na kufanya kazi. Lakini fikira zake hazikutulia. Zilirudi Roma na anasa zake. Ili azifunge, alijitwika mzigo mgumu kuliko yote: alimwendea Myahudi mmoja aliyeamini Kristo, akamwomba amfundishe Kiebrania. Mtu aliyezoea Kilatini laini alianza upya kama mtoto, akijifunza herufi na maneno yatokayo kooni. Mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akarudi tena. Katika uzee wake alimshukuru Mungu kwa sababu mbegu chungu ya kazi ile ilimzalia matunda matamu.

Kazi aliyoagizwa na Papa Damaso

Baada ya jangwa, Yeronimo alipewa upadri Antiokia, akasikiliza mafundisho ya Mtakatifu Gregori wa Nazianzo huko Konstantinopoli, na mwaka 382 akarudi Roma. Baba Mtakatifu Damaso alimfanya mwandishi wake. Papa huyo alikuwa na shida iliyomlemea. Vitabu vya Injili kwa Kilatini vilikuwa vingi, lakini havikupatana. Mwandishi mmoja alisinzia akaruka mstari. Mwingine hakuelewa akasahihisha kwa kukisia. Mwingine aliyaingiza katika Marko maneno aliyoyakumbuka kutoka kwa Mateo. Ilikuwa karibu kila kitabu ni tafsiri yake yenyewe. Damaso akamwagiza Yeronimo arudi kwenye Kigiriki, ambacho ndicho chanzo, na kuzisahihisha Injili.

Yeronimo aliijua hatari ya kazi hiyo. Wakristo walikuwa wamezisikia Injili tangu utoto wao, na maneno yale yalikuwa yameingia mioyoni pamoja na maziwa ya mama. Mtu akifungua kitabu kipya na kukuta neno lisilo na ladha aliyoizoea, hataanza kwa kuuliza lipi ni la kweli. Atamwita mfasiri mwongo na mharibifu. Kwa ajili hiyo alitengeneza kwa kiasi. Pale ambapo maneno yalitofautiana lakini maana ilikuwa moja, aliyaacha ya zamani. Pale ambapo maana yenyewe ilipotoka, alisahihisha. Mwaka 384 Injili nne zilikuwa tayari.

Neno moja katika Sala ya Bwana laonyesha ugumu wa kazi ile. Kwa Kigiriki, mkate tunaouomba unaitwa kwa neno epiousios. Neno hilo halionekani katika maandishi mengine ya Kigiriki ila kwa nadra mno, basi hakuna matumizi ya watu yanayoweza kulifungua. Waweza kuligawanya na kulielewa kuwa mkate upitao vitu vyote vilivyopo, au kuwa mkate wa siku inayokuja. Walatini wa kale walikuwa wamesali kwa neno cotidianum, yaani wa kila siku. Yeronimo aliliacha neno hilo katika Luka, bali katika Mateo aliweka neno supersubstantialem, yaani upitao asili ya vitu. Baadaye, akieleza Injili ya Mateo, aliandika kwamba katika Injili iliyotumiwa na Wakristo wa Kiebrania alikuta neno lenye maana ya kesho. Basi mtu mmoja, kwa neno moja, alikuwa na maana tatu mkononi mwake. Waamini hawakuhangaika: waliendelea kusali kama walivyofundishwa na wazee wao. Neno jipya lilibaki katika kitabu, na neno la zamani likabaki midomoni, hata leo Wakristo wanaosali kwa Kiswahili huomba mkate wa kila siku.

Betlehemu

Papa Damaso alikufa mwezi wa Desemba mwaka 384. Yeronimo alikuwa na ulimi mkali, na alikuwa amewachoma wengi Roma kwa maneno yake. Mlinzi wake alipokwisha ondoka, walimsingizia. Mwaka 385 alipanda merikebu kwenda Mashariki. Paula, mjane wa ukoo mkubwa wa Roma, alimfuata pamoja na binti yake Eustokio, na mwaka 386 wote walifika Betlehemu wakakaa. Kwa mali ya Paula zilijengwa monasteri ya wanaume, nyumba za watawa wa kike, na nyumba ya kuwapokea wasafiri. Wanawake hao hawakuwa watu wa kuombewa tu na kufundishwa. Walijifunza Kiebrania, na Paula aliweza kuimba Zaburi kwa lugha hiyo bila lafudhi ya Kilatini. Walimwuliza Yeronimo maswali mengi, na vitabu vyake vingi aliviandika kwa kuombwa nao.

Huko Betlehemu ndiko alikofanya kazi kuu ya maisha yake. Agano la Kale la Kilatini lilikuwa limetolewa katika Kigiriki cha wazee Sabini, tafsiri iliyoanzwa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ilikuwa kama maji yaliyomiminwa kutoka chombo hata chombo. Yeronimo aliitazama maktaba ya Kaisaria, ambamo Origenes aliweka kitabu kikubwa chenye safu sita, Kiebrania na tafsiri za Kigiriki zikisimama bega kwa bega. Akaona kwamba safu zile hazikubaliani. Hapo akakata shauri kufasiri upya kutoka Kiebrania chenyewe. Alianza karibu na mwaka 390, akamaliza karibu na mwaka 405.

Alitafuta walimu kwa gharama yoyote. Myahudi mmoja, Baranina, alikuja kumfundisha usiku, maana aliwaogopa wenzake. Kwa ajili ya kitabu cha Yobu alimlipa mwalimu wa Lida fedha si haba. Kitabu cha Tobia kilikuwa katika lugha ya Kikaldayo, asiyoijua sawasawa. Akatafuta mtu aliyejua lugha zote mbili, naye akakitoa kwa Kiebrania kwa sauti, huku Yeronimo akisema Kilatini na mwandishi akiandika. Kazi ikaisha kwa siku moja.

Katika kitabu hicho cha Tobia mna neno ambalo kila katekista amelitamka. Malaika Rafaeli asema kwamba ni vema kuficha siri ya mfalme. Kwa neno siri, Yeronimo aliandika sacramentum. Hapo zamani sacramentum kilikuwa kiapo cha askari wa Roma kwa mkuu wake. Wakristo Walatini, wa Afrika ya Kaskazini kwanza, walilichukua neno hilo la kambini ili kutafsiri neno la Kigiriki lenye maana ya fumbo. Kwa Tobia lina maana ya siri ya ikulu tu. Karne zilipopita, Kanisa liliendelea kulibana mpaka likawa jina la ishara saba takatifu ziletazo neema, nalo likaingia katika Kiswahili kwa njia ya wamisionari: sakramenti. Mtu aliyeisoma Tobia ya Kilatini na kudhani kwamba malaika anasema juu ya Ubatizo au Ekaristi angekuwa amesoma herufi zote sawasawa, lakini asingefahamu lolote.

Namna ya kufasiri

Mintarafu kazi hiyo, Yeronimo alishitakiwa mara nyingi. Mara moja aliifasiri barua ya askofu Epifani kutoka Kigiriki, kwa ajili ya rafiki mmoja, isomwe nyumbani. Barua ikaibwa, ikatangazwa, na watu wakasema kwamba amedanganya kwa sababu hakufuata neno kwa neno. Yeronimo akamwandikia rafiki yake Pamakio barua ndefu juu ya namna bora ya kufasiri. Alieleza kwamba katika kufasiri Wagiriki yeye hutoa maana kwa maana, wala si neno kwa neno. Isipokuwa katika Maandiko Matakatifu, ambamo hata mpango wa maneno una fumbo lake. Hata hivyo katika Biblia yenyewe hakuwa mtumwa wa herufi. Alishika maneno alipoweza, akayaacha yalipotaka kuua maana.

Kushika neno kulimletea jambo ambalo hakulitazamia. Kitabu cha Kutoka chasimulia kwamba Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni ndugu wa neno pembe, na mfasiri Akila wa kale alikuwa amekifasiri hivyo. Yeronimo naye akaandika cornuta, yaani wenye pembe. Katika Biblia pembe ni alama ya nguvu na utukufu, naye aliyajua hayo. Lakini watu waliokuja baada yake walisoma Kilatini bila kujua desturi ya Waebrania. Tangu karne ya 11 wachoraji walimchora Musa mwenye pembe kichwani, na Michelangelo alimchonga hivyo katika jiwe, katika sanamu iliyomo katika kanisa la Mtakatifu Petro wa Minyororo, mjini Roma. Neno lilikuwa limesafiri salama. Maana ilikuwa imebaki nyuma.

Ghasia za Oea

Mashindano makubwa kuliko yote yalitokea kwa ajili ya mmea. Nabii Yona alipokaa nje ya Ninawi, Mungu alimwoteshea mmea wa kumtia kivuli. Wazee Sabini waliandika kwamba ulikuwa mmumunye, nao Walatini wakafuata. Yeronimo alijua kwamba Kiebrania kinasema kikayoni, mti mwingine, wenye majani mapana kama ya mzabibu, usimamao kwa shina lake na kukua upesi. Kwa maelezo hayo, wataalamu wengi huutambua kuwa mbarika, ule ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kilatini, kwa maoni yake, hakikuwa na jina lake. Kama angeliandika kikayoni, hakuna ambaye angeelewa. Basi akafuata wafasiri wengine wa Kigiriki, akaandika hedera, yaani mmea utambaao juu ya kuta za Ulaya.

Katika mji wa Oea, ambao sasa ni Tripoli ya Libya, askofu aliamuru tafsiri mpya isomwe kanisani. Walipofika mahali pale pa Yona na kusikia jina geni, watu waliinua sauti, hasa Wagiriki, wakapiga kelele kwamba Maandiko yameharibiwa. Askofu akalazimika kuwauliza Wayahudi wa mji, nao wakajibu kwamba vitabu vyao vina neno lile lile la zamani. Askofu akasahihisha, maana alikuwa karibu kubaki bila waamini.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo, alimpasha Yeronimo habari hizo mwaka 403. Hakumdharau, aliogopa kwa ajili ya umoja. Makanisa ya Mashariki yalisoma Kigiriki cha wazee Sabini. Kama Walatini wangesoma kitabu kingine, ndugu wangeachana. Tena, kukitokea shaka juu ya Kigiriki, watu wengi wangeweza kuiondoa, bali juu ya Kiebrania nani angeamua isipokuwa Yeronimo peke yake? Yeronimo alijibu kwa ukali wa mzee aliyechoka, akaeleza habari za mti ule na sababu ya neno lake. Wote wawili walikuwa na haki ya kusikilizwa. Mmoja alilinda ukweli wa maneno yaliyoandikwa, mwingine alilinda watu waliokuwa wakiyasikia. Baadaye ukali ule ulipoa, wakaandikiana kwa heshima na upendo hata mwisho, na katika uzee wake Agostino aliitumia na kuisifu tafsiri ya Betlehemu.

Kuna jambo moja ambalo ghasia za Oea zilifunika. Mmumunye haukuwa mti wa Yona. Wala hedera haikuwa. Watu waligombana juu ya majina mawili ya mimea, na mmea wenyewe ulikuwa wa tatu.

Mwisho wake, na safari ya maneno yake

Siku za mwisho za Yeronimo zilikuwa za huzuni. Paula alikufa mwaka 404. Mwaka 410 Alariki na Wagoti wake waliteka Roma, na wakimbizi wakafika Betlehemu wakiwa maskini. Yeronimo aliweka kalamu chini ili awapokee, maana aliona kwamba wakati ule ulitaka matendo kuliko maelezo. Mwaka 416 watu wabaya walizichoma moto nyumba za watawa. Macho yake yalidhoofika, Eustokio naye akatangulia, na tarehe 30 Septemba mwaka 420, kadiri ya mapokeo, Yeronimo alifariki.

Tafsiri yake haikushinda kwa amri. Kwa karne kadhaa ilisomwa pamoja na zile za zamani. Papa Gregori Mkuu, karibu na mwaka 600, alitumia zote mbili. Zaburi alizozitoa katika Kiebrania hazikuingia katika sala za Kanisa, kwa sababu watu hawakukubali kuachana na zile walizozoea kuziimba. Polepole, tafsiri iliyoshitakiwa kuwa ngeni ikawa ndiyo iliyozoeleka. Yeronimo alipoandika neno vulgata, lenye maana ya kilichoenea kwa watu, alikuwa akisema juu ya tafsiri ya wazee Sabini, ile aliyoiacha. Baadaye neno hilo lilihama, likawa jina la kazi yake mwenyewe. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliitangaza Vulgata kuwa tafsiri halali ya Kanisa kwa mafundisho, na watu waliotaka kubadili neno moja lake walilaumiwa kama yeye alivyolaumiwa zamani.

Wakati huo Kilatini chenyewe kilikuwa kimekwisha kuhama midomoni mwa watu. Tangu mwaka 813, Mtaguso wa Tours uliwaagiza maaskofu kutoa hotuba zao katika lugha ya watu wa mashambani, au katika Kijerumani, ili wote waelewe. Kitabu kilichofasiriwa ili watu wa kawaida wasikie, kikawa kitabu cha wenye elimu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango mpana kwa lugha za mataifa katika Liturujia, na mwaka 1979 Kanisa likatoa Vulgata mpya iliyosahihishwa. Katika hiyo uso wa Musa hauna pembe tena, unang'aa.

Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yeronimo kila mwaka tarehe 30 Septemba, na tangu mwaka 2017 Umoja wa Mataifa umeiweka siku hiyo hiyo kuwa siku ya wafasiri wa dunia yote. Urithi wake kwa wanaofundisha dini ni desturi ya mwanafunzi wa Donatus, ambayo hakuiacha hata uzeeni: kabla ya kulitia neno katika masikio ya watu, kuuliza limetoka wapi, lilimaanisha nini, na wale wanaolisikia leo wanasikia nini.